Mikono Niliyoipakua

Neno "bubu" nimelipiga marufuku kwenye kibanja changu. Mwenye hamu nalo akalitamkie barabarani, awe mgeni, awe ndugu, awe mtu aliyekuja kuomba moto. Binti yangu hakuzaliwa kiziwi. Alikuwa anaongea, tena alikuwa na mdomo kuliko mama yake, na watu wa hapa kijijini kwetu Mabira watakwambia hilo si jambo dogo. Kisha akaugua homa ya uti wa mgongo, tukalazwa naye hospitali, tukarudi nyumbani ana nguvu zake zote ila masikio yamefungwa. Maneno yakaanza kumpotea moja baada ya jingine, mpaka akabaki na "mama" na ile sauti ya mtoto aliyekasirika.

Watu wakaja kunipa pole kama tumefiwa. Wakatafuna buni za kahawa yangu, wakanywa chai yangu, wakanipa ushauri ambao sikuuomba. Mmoja akasema nimwache tu achunge mbuzi, maana mbuzi hawahitaji mtu wa kusikia. Nikawaambia, "Asanteni kwa pole, lakini hapa hakuna aliyekufa." Wakaondoka wananisema njia nzima. Wacha waseme.

Mama mkwe wangu anakaa kibanja hichohicho, nyumba yake na yangu zinatenganishwa na migomba tu. Yeye hakuwa mbaya. Alitunga alama zake na mjukuu wake: akimenya hewani kama anamenya ebitoke, ndizi zetu za kupika, maana yake njoo tule, akijigonga kichwani, kalete maji. Mtoto akaelewa, na bibi akaridhika. Mimi sikuridhika. Kwa alama zile unaweza kumtuma mtoto kutwa nzima, lakini huwezi kumuuliza kwa nini analia. Na yeye hawezi kukujibu. Nilitaka mtoto wa kuongea naye, si wa kumtuma, na kila nikimwangalia anavyokaa pembeni wenzake wakicheka, moyo ulikuwa unaniuma mpaka nakosa usingizi.

Siku moja nilikwenda kuwasalimia wazazi wangu Kanoni, ndiko nilikozaliwa. Mdogo wangu akanionyesha video kwenye simu yake. Mwanamke mwenye blauzi ya njano, Mtanzania kabisa, amesimama mbele ya ukuta mweupe anafundisha lugha ya alama. Polepole, alama moja, anairudia, chini yameandikwa maneno kwa Kiswahili. Familia. Chakula. Siku za juma. Shikamoo. Kulikuwa na video nyingi sana, kila moja somo lake. Nililia palepale kwenye kiti, mama yangu akadhani nimeletewa habari ya msiba.

Nikarudi Mabira nimejaa nguvu. Lakini nyumba yetu iko bondeni, na mtandao kwetu unakuja kwa hisani. Ukiweka simu dirishani unapata, ukiigeuza kidogo umepoteza. Video inaanza, mwanamke ananyanyua mkono, halafu kwisha habari: mkono umeganda hewani, kile kiduara kinazunguka, kinazunguka. Mnasubiri. Kisha mkono unashuka, alama imekamilika. Tukajifunza hivyohivyo, mimi na binti yangu, vichwa vimegusana dirishani. Na bando nalo linakwenda, maana mtoto hajifunzi kwa kuona mara moja, anataka arudie na arudie, na kila kurudia mtandao unakula upya.

Alama ya kwanza niliyotaka aijue vizuri ni shikamoo. Huku kwetu mtoto wa kike anapiga magoti mbele ya mkubwa ndipo asalimie, na wangu alikuwa anapiga magoti, anakaa kimya, watu wanamwona hana adabu. Basi asubuhi moja akamwendea bibi yake uani. Akapiga magoti vizuri. Akaanza kunyanyua mkono, akaugandisha hewani. Bibi amenyoosha wake kumpokea, anasubiri. Mtoto naye anasubiri, hata kope hachezeshi. Baada ya muda ndipo akamalizia alama yake, akatabasamu.

Mama mkwe akanigeukia. "Wewe mama, huyu mtoto sasa amepatwa na degedege?"

Nilicheka mpaka nikashika mbavu, kisha kicheko kikanikauka. Mtoto wangu alikuwa amejifunza mtandao mbovu. Alidhani kule kuganda ni sehemu ya salamu. Nikakumbuka alama zote tulizokwisha kujifunza pale dirishani, nikaona zote zina mikono iliyoganda ndani yake, na nikapandwa na hasira ambayo sikujua nimpelekee nani. Nikasema, haiwezekani. Hizi video zitakuja kukaa ndani ya nyumba hii, nzima, bila kiduara, zitazamwe mpaka zichoke zenyewe.

Kompyuta nilikuwa nayo. Kabla ya kuolewa nilifanya kazi kwenye duka la kuchapa na kutoa kopi, na mwenye duka alipolifunga aliniachia kompyuta mpakato moja iliyochoka, betri imekufa, inawaka ikiwa imechomekwa ukutani tu. Nilikuwa nimeifungia kabatini. Nikaifuta vumbi, nikaifunga kwa kitenge, nikapanda nayo bodaboda mpaka senta, kwenye mtandao wenye nguvu, nikaichomeka kwenye mgahawa mmoja. Nilijua kuna vidude unavipachika kwenye kivinjari, kile unachofungulia mtandao, na vidude hivyo vinakuchotea video na kuziweka kwenye kompyuta yako. Kilichonishinda kujua ni kwamba vingine ni vya matapeli. Nikapachika cha kwanza nilichokiona. Loh! Kompyuta ikajaa matangazo ya kamari, nikifunga moja yanafunguka mengine, na juu yake mwanamke asiye na nguo ananikonyeza. Na watu wa mgahawani wananiangalia.

Pale senta kuna mwanamume mmoja ana kibanda cha kuingiza nyimbo na muvi kwenye flashi. Mtu mzima, ana mke na watoto, anauza muvi zilizotafsiriwa na nyimbo za harusi. Nikaingia kwake nimeibeba kompyuta ile kama mtoto mgonjwa. Akaitazama, akanitazama.

"Dada, umeokota uchafu," akasema.

"Najua. Nionyeshe kisafi. Kile unachotumia wewe."

Akacheka. Akasema kile ni siri ya kazi, akimwonyesha kila mtu yeye atakula nini? Nimletee orodha ya video zangu, ataniwekea mwenyewe, flashi moja moja. Nikamwambia sitaki kuwekewa, nataka kujua, maana mtoto ataendelea kukua na masomo yatazidi kuongezeka, sitakuja kupiga foleni kwake maisha yangu yote kila mwanangu anapotaka neno jipya.

"Mtaka cha mvunguni sharti ainame," akanitania.

"Nimeinama napalilia tangu nina akili. Wewe usinifundishe kuinama."

Nikavuta kigoda, nikakaa. Kila mteja aliyeingia nikamsalimia, nikamweleza habari ya binti yangu tangu homa mpaka kiduara. Mimi nikianza kueleza sina breki. Mteja wa tatu akaondoka bila kununua, anafuta machozi. Mwenye kibanda akaona biashara inakufa mbele ya macho yake. "Haya, haya, dada, lete hiyo mashine!" Akaondoa ule uchafu, akanionyesha jina la kidude chenyewe na mahali pa kukichukulia, akanionyesha namna ya kusoma watu wengine wamesema nini kabla hujapachika chochote. Kidude chenyewe hakina maajabu. Video ikianza kucheza, kimshale kidogo kinawaka juu ya kivinjari. Unakibonyeza, unachagua ukubwa, na mimi nilichagua ndogo kabisa, maana mikono haihitaji urembo. Unasubiri. Inachuruzika taratibu, haba na haba, kisha video iko kwenye kompyuta yako, na mtandao ukitaka ukafie mbali.

Akaniuliza jambo moja, na nampa haki yake: "Mwenye video anajua?" Nikawaza, wewe unayeuza muvi za watu unaniuliza hilo? Lakini hakuwa amekosea. Nikamwandikia yule mwanamke wa blauzi ya njano chini ya video yake, nikamweleza bonde letu na mkono ulioganda. Akajibu kabla sijaondoka senta. Akasema chukua zote, mama, nawe ukimpata mwenye shida kama yako mpe.

Tangu siku hiyo kompyuta ikawa mezani, si kabatini. Mume wangu akatengeneza meza ya pembeni karibu na soketi, akasema tu, "Hapa hataisukuma mtu." Mchana baada ya shamba tunakaa, binti yangu anabonyeza mwenyewe, anarudisha nyuma, anabonyeza tena. Ilibidi kwanza tuondoe kule kuganda kwenye mikono yake, kazi iliyotuchukua muda kuliko kujifunza upya. Halafu akakimbia. Akaniacha. Nikawa mimi ndiye ninayeuliza. Akaanza kunieleza mambo: kwamba mbwa wa jirani anamwogopa yeye tu, kwamba alidhani wakati ule wa hospitali tumemfanyia kitu kibaya ndiyo maana hasikii. Hilo alinieleza tukiwa tunachambua maharage. Nikaacha maharage, nikamkumbatia, nikamwambia kwa mikono kwamba hapana, hapana, hapana. Alikuwa amelibeba peke yake miaka yote ile kwa kukosa tu mahali pa kulitua.

Mama mkwe alikuwa anapita mlangoni, anatazama kwa jicho la pembeni. "Sinema kutwa," anasema. Lakini nikamkuta siku moja amekaa mbele ya kompyuta peke yake, anajaribu alama ya "mjukuu", na vidole vyake vya mkulima havitaki kukunja. Nikajifanya sijaona.

Ikafika zamu ya rika la binti yangu kupokea Komunyo ya Kwanza. Wenzake wote wa kigango walikuwa wanakwenda mafundisho kwa katekista, na yeye alikuwa anawafuata, anakaa nyuma. Nilishaanza kuulizia kitambaa cheupe. Katekista akaja nyumbani, mtu mpole, akaketi, akatafuna kahawa, akazunguka zunguka mpaka akafika. Kwamba mtoto hawezi kujibu maswali. Kwamba ni bora asubiri, siku moja padre atambariki na yatosha.

"Asubiri nini?" nikamuuliza. "Masikio yaote upya?"

"Mama, usikasirike."

"Nimeshakasirika. Niambie ni sala zipi."

Akazitaja. Nikarudi senta na kitenge changu. Nilitafuta mpaka nikapata video za misa iliyofanywa kwa alama, Baba Yetu, Salamu Maria, Nasadiki, nikapakua kila kilichokuwepo. Amri za Mungu sikuzipata, tukazitunga wenyewe kwa maneno tuliyokuwa nayo, na amri ya sita, ile ya usizini, ilinipa tabu kumweleza, sisemi zaidi. Siku ya kuulizwa, binti yangu akasimama mbele ya katekista na wenzake. Katekista akauliza kwa sauti, mimi nikageuza kwa mikono, yeye akajibu kwa mikono, mimi nikageuza kwa sauti. Hakukosa hata moja. Watoto wenzake wakaanza kumwiga mikono, mpaka Baba Yetu ikawa inasaliwa na benchi zima. Katekista akafuta miwani yake, akaandika jina la binti yangu.

Nikadhani tumemaliza. Kumbe bado kitubio. Kabla ya Komunyo kila mtoto anaungama kwa padre, peke yake, na padre wetu hakujua alama hata moja. Nikamfuata baada ya misa.

"Tumsifu Yesu Kristo, Padre."

"Milele, amina. Karibu, mama. Nimeshasikia habari za binti yako, hongera sana." Akanieleza kwa upole kwamba nisihangaike. Mungu anaujua moyo wa mtoto. Atamwekea mkono kichwani, atampa maondoleo, basi. Au kama napenda, nikae katikati niwatafsirie.

Nilimheshimu padre yule, na bado namheshimu. Lakini damu ilinichemka. "Padre, nikae katikati nisikie dhambi za mtu? Na kama amenisengenya mimi? Nyinyi wenyewe mnatufundisha ni siri."

"Basi tufanye lile la kwanza."

"La kwanza ndilo silitaki kabisa. Watoto wote mnawadai dhambi zao, wa kwangu mnamsamehe bila kumuuliza, kama kichaa? Mwanangu ana akili. Mwanangu ana dhambi, tena si chache, mimi naishi naye. Anastahili kuulizwa."

Watu waliokuwa wanatoka kanisani wakapunguza mwendo. Mama mkwe akanivuta kanga nyuma. Sikunyamaza. Nikatoa flashi kwenye fundo la kanga, nilikuwa nimeshaiandaa, nikamwekea kiganjani. "Humu kuna masomo yote. Hayahitaji mtandao. Jifunze, Padre."

Akaitazama ile flashi. "Mama, mimi nina vigango vingi sana."

"Na mimi nina migomba mingi sana. Nimejifunza."

Akaitia mfukoni mwa kanzu, akaenda zake. Njiani mama mkwe alinisema mpaka tukafika. Kumpandishia padre sauti! Mbele ya watu! Mwanamke wa Kanoni wewe, kwenu hamkufundishwa kuona haya? Nikamwacha amalize, kisha nikamwambia, kwetu nilifundishwa haya, na mwanangu nimemfundisha haya, haki yake ndiyo sijamaliza kumtafutia. Usiku sikulala vizuri. Niliona padre ameitupa flashi kwenye droo, niliona siku inafika, wenzake wamevaa nyeupe na yeye anawekewa mkono kichwani kama mgonjwa.

Siku ya kuungama ilikuwa Jumamosi, wiki moja kabla ya Komunyo. Padre alikaa kwenye kiti pembeni ya altare, watoto wakapanga mstari kwenye mabenchi. Mimi nilikwenda na binti yangu mpaka mbele, nikakaa naye. Sikumwamini padre. Nilikuwa nimejiandaa: akimwekea mkono tu, namchukua mtoto wangu na tunaondoka, na wilaya nzima ya Kyerwa itajua kwa nini.

Zamu yake ikafika. Akapiga magoti. Nikasimama hatua chache nyuma yake, nimekunja mikono, nikamkazia padre macho.

Padre akavuta pumzi, akanyanyua mikono miwili. Akaonyesha: karibu. Akaonyesha: usiogope. Akakosea lililofuata, nadhani alitaka kusema Mungu anakupenda ila alisema Mungu anakupika, na binti yangu akacheka kwa ile sauti yake kubwa ambayo yeye mwenyewe haisikii, kanisa zima likageuka. Akaishika mikono ya padre, akaipanga vizuri. Padre akarudia. Safari hii akapatia. Uso ulimwiva kwa aibu, lakini hakuishusha mikono, akasubiri kama mtu aliyekuja kusikiliza kweli.

Binti yangu akanyanyua ya kwake aanze. Kisha akasimama. Akageuza shingo, akaniona pale nilipo, nimeikodolea macho mikono yake, na uso wake ukabadilika. Akanionyesha, kwa mkato, bila kutabasamu:

"Mama, usitazame. Ni yangu."

Moyo ulinipasuka. Nilitaka kumwambia, mimi? Mimi niliyezibeba hizo alama kwenye kitenge, moja moja, kutoka senta? Nilitaka kukasirika, na hasira zangu huwa haziko mbali. Hazikuja. Nikageuka, nikawapa mgongo, nikabaki natazama milango ya kanisa na vumbi linaloelea kwenye mwanga. Nilisikia kanga yake inacheza cheza kwa mikono inavyokwenda. Ilikwenda muda mrefu. Mara moja padre aliguna, sijui kwa lipi. Kila mshipa wa shingo yangu ulitaka kugeuka, nikaukatalia.

Nilipotoka nje, mama mkwe alikuwa ananisubiri kwenye ngazi, amesahau kabisa kwamba alikuwa amenuna. Akanishika mkono.

"Enhe, ameungama? Amesema nini?"

"Ameungama," nikamwambia. "Alichosema hakikuhusu, mama. Hata mimi hakinihusu."